Jiwe la Saba na la Nane

"Ifahamike kwa viumbe wote, wa miguu miwili na wa mapezi, ya kwamba Bweni la Tatu, kwa moyo mkunjufu, kwa hiari yake lenyewe na bila kusukumwa na mtu yeyote, limeazimia leo kuukomboa mto huu kutoka katika makucha ya uchafu, na vizazi vijavyo vita..."

Hapo ndoo ikabonyea. Msemaji alikuwa amesimama juu ya ndoo ya plastiki iliyopinduliwa, na ndoo za shule hazikuumbwa kubeba hotuba. Akatua kwa makalio kwenye tope, vizazi vijavyo vikabaki hewani, na bweni zima likacheka mpaka ndege wa ukingoni wakahama.

Huyo aliyeanguka ndiye Spika. Jina la kwenye rejesta alikuwa nalo, ila hata walimu walilifikia kwa kutafuta. Kwa miaka mitatu aliyokaa pale hakuwahi kuazima kalamu bila utangulizi, wala kwenda chooni bila kuliaga taifa.

Na ile hiari aliyoitangaza ilikuwa hiari ya namna yake. Ijumaa jioni mwalimu wa jiografia aliingia bwenini akasema wanaotaka kujitolea kusafisha mto waandike majina, na wasiotaka watakutana naye darasani kwa mtihani wa marudio. Bweni zima likajitolea. Hata aliyekuwa amelazwa chumba cha wagonjwa kwa homa alipona jioni ileile.

Mwalimu huyo wanafunzi walimwita Mizani, maana kwake yeye jambo lisilopimwa halijatokea. Aliiazima mizani ya stoo ya jikoni, ile ya ndoano, akaining'iniza kwenye tawi la mti karibu na lango la chini la shule, na kando yake akasimamisha ubao. Mabweni matatu, mto mmoja, saa nne za kazi. Bweni litakaloleta taka nzito kuliko mengine halitaosha vyoo hadi mwisho wa muhula. Mtu asiyewahi kuishi bweni hawezi kuelewa ukubwa wa zawadi hiyo, na heri yake.

Basi wakauvamia mto. Walitoa chupa, mifuko ya plastiki, kandambili za mguu mmoja mmoja, mwavuli uliobaki mbavu tupu, sufuria lisilo na kitako, na kichwa cha mwanasesere ambacho Spika alikizika kwa heshima zote za kijeshi kabla Mizani hajamwamuru akifukue akakipime.

Ilipofika saa tano na nusu, ubao ulisomeka hivi: Bweni la Kwanza kilo mia moja arobaini na mbili, Bweni la Pili kilo tisini, Bweni la Tatu kilo mia moja ishirini na sita. Zilipungua kilo kumi na sita na kidogo tu. Na hapo likatokea jambo ambalo huenda halijapata kutokea penye mto wowote: taka zikaisha, na vijana waliokuja kuziondoa wakasimama ukingoni wakimwomba Mungu alete nyingine.

Ilibaki nusu saa. Spika akamshika mkono rafiki yake Kijiko, kijana mwembamba aliyepewa jina hilo kwa sababu hakwenda popote bila kijiko ndani ya soksi, asije akakutwa na chakula ghafla. Wakachukua magunia mawili yaliyojaa nusu, wakapanda na mto hadi nyuma ya chumba cha kufulia, mahali ambapo maji hupanuka na kuwa mafupi.

Pale palikuwa na mawe. Kumi na moja, yamepangwa mstari mmoja kutoka ukingo huu hadi ule, kila moja limeinuka juu ya maji kiasi cha kiganja, na migongo yake imelainika kwa kukanyagwa.

"Unaona nini?" Spika akauliza.

"Naona mto."

"Mimi naona kilo."

Kijiko akayatazama mawe, akamtazama mwenzake. "Si ndiyo njia ya watu hii?"

"Watu gani, Kijiko? Leo Jumamosi."

"Jumatatu je?"

"Jumatatu yatakuwa yamesharudi zamani. Sisi tunayaazima. Kesho baada ya chakula cha mchana tunayaleta, tunayalaza mahali pake, tunayaomba radhi moja baada ya jingine. Nani atajua?"

Hapa lisemwe jambo mapema, msomaji asije akamtafutia Spika udhuru. Alijua. Alijua kwamba njia ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mmoja. Dobi wa shule, ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Shangazi, alikaa ng'ambo ya mto, na kwa miaka kumi na tisa alikuja kazini kwa kuyakanyaga mawe yale, kwani kuzunguka hadi darajani ni mwendo wa nusu saa. Spika alimjua vizuri. Muhula uliopita, mchezo wake mmoja wa wino ulipomrudia mwenyewe kifuani asubuhi ya ukaguzi, ni Shangazi aliyemvua shati, akalisugua kwa ndimu na chumvi, akamrudishia likiwa bado bichi, akamwambia, "Vaa, mwanangu, ukiulizwa sema ni jasho la kusoma." Alijua yote hayo. Alichokuwa nacho ni mpango wa kesho, na hakuna mtu aliyewahi kuvushwa mto kwa mpango wa kesho.

Walijaribu jiwe la kwanza, limezama kwenye udongo. La pili, vilevile. La saba na la nane tu ndiyo yalikuwa mapana kama sinia na yamekaa juu ya changarawe. Yakatoka kwa kuyumbishwa kidogo. Wakayatia kila mmoja gunia lake, juu wakatandaza chupa na matope, wakayakokota hadi kwenye mizani wakihema kama watu waliofanya kazi halali.

Mizani akayatundika. Mshale ukaruka. Akafungua mdomo wa gunia, akaona chupa, akaona tope, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mnaona?" akawaambia mabweni mengine. "Wenzenu wameingia ndani ya mto. Nyinyi mmekwangua kingo."

"Hatukutaka makuu, mwalimu," Spika akasema kwa unyenyekevu wa kutapisha. "Tulifuata uchafu ulipo."

Bweni la Tatu likashinda kwa kilo nane. Wakambeba Spika juujuu. Magunia yote yakarundikwa nyuma ya stoo kungoja lori la Alhamisi.

Jumapili ikafika na chakula cha mchana kikaliwa. Kijiko akamfuata Spika kitandani.

"Twende basi."

"Wapi?"

"Kwenye yale mawe."

Spika alikuwa amelala chali, akisimulia kwa mara ya sita jinsi mshale wa mizani ulivyoruka, na watu sita walikuwa wamekaa kumsikiliza, wengine wakimpepea kwa daftari. Ni vigumu kuacha kupepewa. "Baadaye kidogo," akasema. Baadaye ikawa mpira. Baada ya mpira ikawa kengele ya jioni.

Jumatatu kulikuwa na ukungu.

Kwenye paredi ya asubuhi Mwalimu Mkuu alisimama mbele, akarekebisha miwani. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kutangaza misiba hata anapotangaza sikukuu.

"Nina mambo mawili," akasema. "La kwanza, Shangazi yenu wa kufulia ameanguka mtoni alfajiri akija kazini. Mlinzi wa lango la chini alimsikia akiita. Amevunjika mkono wa kulia, yuko hospitali. Kwa hiyo wiki hii kila mtu atafua nguo zake. La pili ni la furaha. Kiongozi wa wasafishaji wa Bweni la Tatu, njoo uchukue cheti."

Wakapiga makofi. Spika akatoka mstarini. Miguu ilimpeleka kwa sababu ilikuwa imezoea kumpeleka mbele za watu. Alipokea cheti kwa mikono miwili, na shule nzima ikanyamaza kungoja hotuba, wengine wameshaanza kucheka akiba.

"Asante," akasema, akarudi.

Minong'ono ikapita. Mtu akauliza kama Spika naye anaumwa.

Kijiko alimkuta nyuma ya mabomba, cheti kimekunjwa mara nne.

"Tuseme," Kijiko akasema.

"Tuseme nini?"

"Kwamba tulichukua. Tuseme leo, kabla jambo halijanuka."

"Unajua tutafanywa nini? Tutafunga masanduku, Kijiko. Baba yangu ana shemeji wawili wanaongoja kwa hamu nifukuzwe wamwambie walisema." Akakitia cheti mfukoni. "Sikiliza. Tunayarudisha mchana huu. Mawe yakiwa mahali pake, kila kitu kitakuwa kama kilivyokuwa."

"Na mkono?"

Spika akafungua bomba, akanawa uso. Alikuwa na majibu ya kila swali tangu akiwa darasa la pili, na hilo halikuwemo.

Mchana, wengine wakiwa wamepanga foleni ya chakula, wawili hao waliyafungua magunia nyuma ya stoo. Kijiko akabaki njiani kuangalia watu, Spika akashuka mtoni peke yake, mara mbili, jiwe moja moja, limemlalia tumboni kama mtoto mzito. Karibu na pengo aliona kanga iliyolowa, imenasa kwenye mzizi. Akaichomoa, akaikamua, akaianika kichakani, halafu akaogopa kwamba mtu atauliza nani kaianika, akaitupa tena ilipokuwa. La nane likakaa. La saba likakataa. Kila alipolilaza liliyumba. Akalizungusha, akaligeuza, akasukumia kokoto chini yake, bado likawa linacheza ukikanyaga kushoto. Kengele ikalia. Akaliacha, akakimbia, na njiani akahesabu: kumi na moja. Yametimia. Akashusha pumzi kama mtu aliyelipa.

Mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani, na mwerevu akijitia ujinga ndiyo kabisa. Kwani jambo alilolifanya kutengeneza ndilo lililokuja kubomoa.

Jumanne asubuhi Spika alitumwa kupeleka rejesta ofisini. Mlango wa Mwalimu Mkuu ulikuwa wazi nusu, na ndani akasikia sauti ya Shangazi. Akasimama barazani na rejesta kifuani.

"Mawe hayakuwepo, mwalimu. La saba halikuwepo, wala la nane. Niliinua mguu, nikakanyaga maji."

"Shangazi, pole sana. Nimekuelewa. Ndiyo maana nilimtuma mlinzi akaangalie leo alfajiri." Karatasi zikahamishwa mezani. "Ameyahesabu. Yako kumi na moja."

Kiti cha Shangazi kikalia.

"Kumi na moja?"

"Yote yako mstarini. Hayakupungua. Na mvua haijanyesha wiki mbili tuseme mto ulikuja juu."

"Basi yaliondoka yakarudi?"

Mwalimu Mkuu akakohoa kidogo, kwa huruma. "Shangazi, wewe ni mama kwetu. Sisemi umedanganya. Nasema pengine macho yamechoka. Ukungu ulikuwepo, umri nao unatembea. Matroni amenikumbusha kuwa mwezi uliopita mashati mawili yalikwenda kwa watu wasio wenyewe."

"Hayo mashati namba zake zilifutika."

"Sawa. Lakini mto si shati. Siwezi kukubali uvuke tena pale ukiwa hivyo, siku nyingine tutakuokota tukiwa tumechelewa. Nimefikiri, mwisho wa mwezi upumzike. Tutakuaga kwa heshima zote. Bodi iko tayari kukununulia blanketi zuri."

"Mimi nina blanketi, mwalimu."

Akatoka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko, umening'inizwa kwa kipande cha shuka la shule. Alimkuta Spika mlangoni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Akamtazama usoni, akakunja macho, kama anayehakikisha. "Ni wewe Spika, sivyo?"

"Ni mimi."

"Ee. Nilijua ni wewe." Lakini alilisema kwa sauti ya mtu asiyekuwa na hakika, na hilo likamwingia Spika mahali ambapo viboko havijawahi kufika.

Habari zikatembea shuleni, maana shule ya bweni haina siri ila ina wachelewaji. Kufikia mchana kila mtu alikuwa amekumbuka soksi iliyopotea. Mtoto mmoja wa Bweni la Pili alitembea bwaloni amefumba macho, mikono mbele, akisema, "Moja, mbili, tatu, chubwi!" na meza nzima ikacheka. Ulikuwa mzaha mzuri. Spika aliutambua kama fundi anavyotambua kazi ya fundi mwenzake. Siku nyingine angeuboresha. Akasukuma sahani yake kwa Kijiko. Kijiko naye, kwa mara ya kwanza tangu aanze shule, akaisukuma mbele zaidi.

"Tuseme," Kijiko akasema chini chini.

"Kesho."

"Neno hilo hilo."

Jioni ile ilikuwa zamu ya Bweni la Tatu kufua. Shangazi hakuwa na kazi ya kufanya, lakini alikuja vilevile, akaketi kwenye kigoda mlangoni pa chumba cha kufulia akiwaelekeza wavulana waliokuwa wakisugua kola kama watu wanaopiga mswaki ng'ombe. Sabuni kidogo, we mrefu. Usikamue hivyo, unanyonga mtu? Wakawa wanacheka naye. Spika alichagua karai la mwisho kabisa, akampa mgongo.

Wengine walipoondoka, alisikia akiitwa.

"Spika, njoo hapa, baba."

Akaenda. Shangazi alikuwa akitazama kamba ya kuanikia upande wa pili wa uwanja. Alifumba jicho la kushoto kwa mkono mzima, akatazama. Akalifumba la kulia, akatazama tena.

"Hebu nihesabie vibanio vile vya kwenye kamba ya mwisho."

Spika akahesabu. "Ishirini na tatu."

"Ishirini na tatu," Shangazi akarudia polepole. "Na mimi nimepata hivyo hivyo. Kila jicho peke yake." Akaushusha mkono mapajani. "Basi si macho."

"Sasa si vizuri, Shangazi?"

"Vizuri vipi? Kama si macho, ni kichwa." Akatabasamu kidogo, kama anayemwomba radhi kwa kumpa habari nzito. "Mama yangu ilimwanza hivi hivi. Alikuwa anaweka kitu hapa, anasema kimeondoka. Tukawa tunamcheka. Nami niliyaona maji, mwanangu. Niliyaona pale penye jiwe kwa macho haya. Sasa kama mtu anaweza kuona maji penye jiwe, kesho ataona nini?"

Maneno yalimjia Spika. Yalikuja yote kwa pamoja, na hakuna hata moja lililojua kutangulia. Alisema, "Pole, Shangazi."

"Asante, baba. Wewe una moyo mzuri. Watu wanakuona mchekeshaji tu."

Aliondoka pale akajifungia chooni, chumba ambacho bweni lake lilikuwa limesamehewa kukiosha, akakaa humo hadi kengele ya chakula. Kilinuka vibaya. Aliona kinamstahili.

Alikuwa ameapa kusema Jumatano. Jumatano asubuhi aliapa kusema saa nne. Saa nne aliahirisha hadi mchana, kwa kuwa Mwalimu Mkuu alionekana amechoka, na si adabu kumwongezea mtu mchovu mzigo. Hivyo ndivyo mwoga anavyojipangia siku: anakuwa na huruma kwa kila mtu isipokuwa aliyemuumiza.

Saa tisa Mizani alikuja kumtoa darasani.

"Shangazi ameomba jambo moja kabla ya mwisho wa mwezi," akasema wakitembea. "Anataka kuvuka mbele yetu, mara moja. Anasema akivuka salama, atajua kosa lilikuwa lake, ataondoka bila neno. Mwalimu Mkuu amekubali ili roho yake itulie. Anahitaji kijana wa kumshika mkono, na wewe mto unaujua. Nimekupendekeza."

"Mimi, mwalimu?"

"Nani mwingine? Cheti cha mto si unacho wewe?"

Ukingoni walikuwepo Mwalimu Mkuu na mlinzi wa lango la chini, na watu wa Bweni la Tatu, waliosogea kidogo kidogo wakijifanya wanatafuta mpira. Kijiko alikuwa miongoni mwao, mikono imeshika soksi yenye kijiko. Shangazi alivua kandambili. Mkono wake mzima ukamshika Spika juu ya kiwiko, mkono wa kazi, mgumu, wenye kucha zilizopauka kwa sabuni.

"Wewe pita majini kando yangu," akamwambia. "Mimi nitakanyaga. Nataka miguu yangu inijibu yenyewe, nyinyi msinisaidie."

Spika akaingia kwenye maji, yakamfika magotini.

"Moja," Shangazi akasema, akakanyaga. Hakuangalia chini. Alitazama ng'ambo, kuelekea kwake. "Mbili. Tatu."

Alivuka kama mtu anayepanda ngazi za nyumba yake. Nne. Tano. Spika aliona la saba linakuja. Aliliona lilivyokaa, limeinamia kushoto kidogo sana, kiasi ambacho mtu mwingine asingejua, na mguu wa Shangazi, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, ulikuwa umeelekea kushoto.

"Sita."

Akainua mguu.

"Kanyaga kulia, Shangazi! Hilo la saba linacheza kushoto."

Mguu ukabaki hewani. Maji yakaendelea na safari yake. Shangazi akageuza uso polepole, akamtazama kutoka juu.

"Umejuaje?"

"Nimeliona tu."

"Umeona nini? Hakuna aliyelikanyaga. Mlinzi aliyahesabu kutoka ukingoni, hakulowesha hata kiatu."

"Yaani, linaonekana kama..."

Shangazi akaushusha mguu upande wa kulia, akauweka juu ya jiwe, akakaa hivyo, vidole vikipapasa. Uso wake ulibadilika. Haukukasirika, bado. Ulikuwa kama wa mtu anayesikia sauti ya ndugu yake kwenye chumba cha pili.

"Hili ndilo jiwe langu," akasema. "Lakini limelazwa chali. Mgongo uko chini. Huku ni tumboni, bado kuna makwaruzo." Mkono ukaminya kiwiko cha Spika. "Mwanangu. Jana ulinihesabia vibanio."

"Ndiyo, Shangazi."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Hapo ndipo hasira ilipokuja, ikaja kimya kimya, na machozi pamoja nayo. "Sikulala," akasema. "Nimekaa kitandani usiku kucha nikijiuliza majina ya watoto wangu, nione kama bado ninayo."

"Kuna nini huko?" Mwalimu Mkuu akaita kutoka ukingoni. "Shangazi, umechoka? Anasemaje huyo?"

Spika akafungua mdomo. "Shangazi, nisamehe, mimi..."

"Mimi usiniambie. Mimi nimeshasikia." Hakuwa amemwachia mkono, haikujulikana tena nani amemshika nani. "Waambie wale. Wao ndio waliosema kichwa changu kimeharibika. Geuka uwaambie."

Akageuka. Ukingo mzima ulikuwa ukimtazama, kama alivyopenda siku zote. Akatafuta utangulizi, akakosa.

"Nilichukua mawe," akasema.

"Hatusikii!" Mizani akaita.

"Nilichukua mawe!" Sauti ilimpasuka katikati. "Jumamosi. Jiwe la saba na la nane. Niliyatia kwenye magunia ili tushinde, Jumapili nikakaa kujisifu, na Jumatatu alipoanguka nikayarudisha kwa siri. Mwalimu, uliyapima mwenyewe. Mlinzi alihesabu kumi na moja kwa sababu nilikuwa nimeshayarudisha."

Kijiko alikuwa ameanza kushuka majini na viatu vyake, akilia kwa sauti, "Na mimi! Na mimi nilikuwepo!" Spika hakumtazama. Alimtazama Mwalimu Mkuu, aliyekuwa amevua miwani na hajui aiweke wapi.

"Macho yake hayana kasoro," Spika akasema. "Wala kichwa chake. Asubuhi ile mawe yalikuwa tisa, na aliona maji kwa sababu yalikuwepo maji. Ni mimi."